Ndama Mmoja kwa Watu Wanne

Sogeeni. Mliokaa mlangoni ingieni ndani, na mwenye mtoto anayelia ampe ziwa atulie. Hadithi hii nitawapa yote, bila kuficha hata punje, ila mwisho wake sinao. Mwisho mnao ninyi.

Palikuwa na watu wanne kwenye milima ya Rungwe, kule ambako mvua haiombwi, inakuja yenyewe. Kila mmoja alijaliwa lake.

Bibi Tusekile alijaliwa kutotupa kitu. Kifuniko cha chupa, mpini uliovunjika, nusu ya kandambili, vyote alivihifadhi katika makopo yaliyopangwa chini ya kitanda chake. Wajukuu wakimcheka aliwajibu, "Kila kitu kina siku yake. Ikifika mtakuja kubisha hodi."

Lugano, mpimaji wa kituo cha kukusanyia maziwa, alijaliwa pua. Vipimo vya kituo vilikuwepo, lakini akina mama walimwamini yeye kuliko vipimo. Alifunua keni ya maziwa, akainama, kisha akasema, "Mama, haya yamelala karibu na moshi," au, "Ng'ombe wako jana aliingia kwenye vitunguu vya jirani." Na kweli ng'ombe alikuwa ameingia.

Gwamaka, fundi wa bodi za magari, alijaliwa mikono. Alifumba macho, akalipapasa bati lililobonyea, akakuambia lilipigwa na nini, kutoka wapi, na dereva alikuwa akigeukia upande gani.

Mwakalobo, dereva wa Kenta, lori dogo la kubeba viazi, hakuwa na pua ya ajabu wala mikono ya ajabu. Alijaliwa ulimi usiojua kupinda. Akijua jambo alilisema, hata kama lilimwumiza. Asipokuwa na hakika alisema, "Nadhani."

Katikati ya hao wanne alikuwepo Subilaga, mama wa mtoto mmoja anayeitwa Bupe. Kila alfajiri alimwacha Bupe mgongoni kwa mama yake, akawasha pikapu kuukuu aliyoachiwa na baba yake, akapita nyumba kwa nyumba kuchukua maziwa ya majirani na kuyapandisha kituoni. Pikapu ile ndiyo iliyomlisha yeye, mama yake na mtoto. Bila pikapu, maziwa ya kijiji kizima yangegandia kwenye ndoo. Na kwa kuwa bima kubwa ilimshinda, alikuwa na bima ndogo tu. Maana yake mnaijua: gari lako likiharibika kwa kosa lako, utalitengeneza mwenyewe. Likiharibika kwa kosa la mwingine, bima ya huyo mwingine ndiyo italitengeneza.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa.

Asubuhi moja ukungu ulishuka mzito kiasi kwamba Subilaga hakuiona hata pua ya gari lake. Alikuwa akipanda, na mlima uko kushoto kwake. Mwakalobo alikuwa akishuka, na bonde liko kushoto kwake yeye. Walikutana kwenye kona, na hakuna aliyemwona mwenzake mpaka taa zilipogusana. Ulisikika mlio mmoja mkubwa, kisha keni zikiviringika, kisha kimya.

Hapakuwa na mtu mwingine. Si mpita njia, si mbuzi.

Mguu wa Subilaga ulinaswa chini ya usukani. Mwakalobo aliruka chini. Mlango wa kulia ulikuwa umekunjika, akazunguka, wa kushoto nao haukufunguka. Akafunga mnyororo, akalivuta lile gari kwa Kenta yake mpaka sehemu pana iliyoko upande wa bonde. Hapo akaupata mlango, akamtoa Subilaga, akamfunika koti lake, akamlaza kwenye kiti cha Kenta na kumkimbiza hospitali. Njia nzima alikuwa akisema, "Usilale, dada. Nitajie jina la mtoto. Mtaje tena." Subilaga alilitaja jina la Bupe mara nyingi hata hakuzihesabu.

Wema wa kwanza huo. Lakini magari yote mawili yalikuwa yameondoka mahali yalipogongana.

Bibi Tusekile, ambaye nyumba yake iko juu ya kona, aliteremka na ufagio. Alijua kuwa watoto wa shule wangepita pale muda si mrefu, na nusu yao hawana viatu. Akafagia vioo vyote, kipande kwa kipande, akavitia kwenye makopo mawili na kuondoka navyo. Vioo vilivyopondeka huziba matundu ya panya vizuri.

Wema wa pili. Lakini barabara ilibaki nyeupe, bila alama.

Lugano alipoona maziwa hayafiki kituoni alishuka kutazama. Alizikuta keni zimetapakaa, akazikusanya, akazisugua kwa maji moto na kuzianika juani, ili mwenyewe akirudi asikute zimechacha.

Wema wa tatu. Lakini matope na michubuko ya zile keni vilikwisha kusuguliwa.

Na Gwamaka aliivuta pikapu mpaka gereji yake, na siku iliyofuata, bila kuulizwa wala kuahidiwa chochote, akaanza kulinyoosha bati la mbele. "Akitoka hospitali," alisema, "alikute limeanza kufanana na gari."

Wema wa nne huo. Trafiki alipofika konani na daftari lake, aliangalia huku, akaangalia kule, akamwuliza Bibi Tusekile aliyekuwa anachuma mboga, "Mama, ajali iko wapi?"

"Ilikuwa hapo, baba. Nimeshaifagia."

Trafiki aliandika maneno manne: chanzo cha ajali hakijulikani.

Subilaga aliisoma barua ya kampuni ya bima akiwa kitandani, mguu ukiwa kwenye plasta. Barua ilikuwa na adabu. Ilisema kwamba dereva wa Kenta anadai alikuwa upande wake wa bonde, na mwenye pikapu anadai alikuwa upande wake wa mlima. Kwa kuwa hakuna shahidi wala alama, kampuni inasikitika.

"Inasikitika na nini?" mama yake aliuliza, Bupe akiwa mgongoni. "Ingesikitika ingetengeneza gari."

Subilaga aliikunja ile barua. Kichwa chake kilikuwa kama ile kona. Alijaribu kukumbuka, akaona weupe. Alijua kuwa alikuwa upande wa mlima kwa sababu siku zote alikuwa upande wa mlima. Lakini je, siku ile? Je, kama ukungu ulimsogeza bila yeye kujua? Na ataanzaje kuwalaumu waliomwondolea alama? Amlaumu aliyefagia vioo mbele ya miguu ya watoto? Aliyesugua keni? Aliyeanza kunyoosha bati bure? Amlaumu Mwakalobo, ambaye kila Jumapili alikuja wodini na viazi vya kuchemsha, akavimenya mwenyewe, huku karatasi zao zikigombana ofisini?

"Kaka Mwakalobo," alimwuliza siku moja, "kweli ulikuwa upande wako?"

"Nadhani hivyo, dada. Siku zote niko upande wangu."

"Na mimi."

Wakatazamana, wakaendelea kula viazi.

Siku aliyoruhusiwa kurudi nyumbani, majirani walijaa uani kumpokea. Alisimama kwa magongo, akayaona maziwa ya watu yaliyoganda kwenye ndoo, akaiona nafasi tupu pikapu ilipokuwa ikikaa, na maneno yakamtoka kabla hajayapima. "Ng'ombe wangu Shukurani ana mimba. Atakayelirudisha gari langu barabarani, ndama huyo ni wake. Nimesema mbele yenu wote."

Mama yake alimvuta kitenge. "Ndama hajazaliwa, wewe umeshamgawa?"

Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na kule kwetu neno lililosemwa uani mbele ya watu haliwezi kurudishwa jikoni.

Subilaga akaandika barua ya kuomba kampuni itume mkaguzi wake aje aone kwa macho. Kampuni ikamtuma Bwana Shekiondo, mtu mpole kutoka mjini, mwenye viatu vilivyong'aa ambavyo havikudumu hatua kumi kwenye matope yetu. Wote walikutana konani asubuhi, Mwakalobo naye akiwemo, maana ilikuwa haki yake kusikia.

Lugano ndiye aliyeanza. Siku tatu mfululizo alikuwa amelala kifudifudi kwenye mtaro wa upande wa mlima, akinusa kama mbwa wa doria, mpaka wapita njia wakamwuliza kama kuna pombe imemwagika. "Mvua imeosha lami," alisema, "na imeosha mtaro. Lakini hapa, chini ya mzizi huu, kuna kishimo. Inama, mzee. Vuta pumzi."

Bwana Shekiondo aliinama, akavuta, akakunja uso. "Kuna kitu kimechacha."

"Ni maziwa. Na ni ya nyumba ya Mama Atupele, yana moshi wa mti wa mparachichi. Siku ile keni yake ilikuwa ya mbele kabisa. Nimenusa upande wa bonde hatua kwa hatua. Hakuna."

"Ndugu yangu," mkaguzi alisema kwa upole, "keni huviringika. Na mimi nitaandikaje kwenye fomu kwamba pua imesema?"

Ushahidi ukaanguka.

Akaja Bibi Tusekile na makopo yake mawili. Nusu ya vioo alikuwa ameshavishindilia kwenye matundu ya panya, akalazimika kuvichokoa kimoja kimoja kwa mpini wa kijiko, na vidole vyake vilikuwa na plasta tatu. "Vioo vilikuwa marundo mawili, nami sichanganyi," alisema. "Tazama chini ya kopo hili kubwa. Nilifagia na udongo wake. Udongo mwekundu, na ukungu wa kijani wa mawe. Huo uko upande wa mlima peke yake. Upande wa bonde wametandaza kokoto nyeusi."

"Na kopo dogo?"

"Dogo lina kokoto. Vipande sita tu."

"Bibi, kioo huruka. Huenda kiligongwa huku kikaangukia kule."

"Kioo chenye mabawa sijawahi kukiona, baba," Bibi Tusekile alijibu, lakini ushahidi wake nao ukaanguka.

Wakaenda gereji. Gwamaka aliona aibu, maana bati la mbele alikuwa ameshalinyoosha. Akachukua kipande cha bati chakavu, akafumba macho, akaanza kugonga. Aligonga, akapapasa, akageuza, akagonga tena. Alipomaliza alilipachika pale mbele ya pikapu. "Ndivyo lilivyokuwa nilipolipokea. Nyundo yangu inakumbuka. Lilipigwa kona ya kulia, likasukumwa kushoto. Na ubavu wa kushoto sijaugusa bado. Pitisha kidole kwenye mikunjo hii."

Mkaguzi akapitisha kidole, kikatoka na udongo mwekundu na ukungu wa kijani, ule ule wa kopo la Bibi Tusekile. Akakitazama kidole chake kwa muda mrefu.

"Fundi, gari lilivutwa kwa mnyororo. Likivutwa linaweza kujikwaruza popote."

Nao ushahidi wa tatu ukayumba. Haukuanguka kabisa, kwa sababu sasa uliegemea ule wa kwanza na wa pili. Bwana Shekiondo alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kusema kweli nimechanganyikiwa," alisema. "Kimoja kimoja havitoshi. Vyote pamoja vinakaribia. Lakini ofisini kwetu kukaribia si kufika."

Subilaga aliegemea magongo yake, akaona macho yake yanajaa. Watu wote hawa wamehangaika, mmoja kwenye mtaro, mmoja kwenye matundu ya panya, mmoja na nyundo, na bado gari litaozea hapa.

Ndipo Mwakalobo, aliyekuwa amesimama nyuma siku nzima, akaliomba lile kopo kubwa. Akaliinamia, akatia mkono katika ule udongo wenye ukungu wa mawe. Akatulia hivyo, mkono ukiwa ndani ya kopo, kama mtu aliyeguswa na ndugu yake gizani.

"Ulikuwa na maji," alisema.

"Nini?" mkaguzi aliuliza.

"Mlango wa kushoto. Nilipotaka kumtoa dada haukufunguka. Nilidhani umekunjika. Nikapenyeza mkono kuutafuta, ukaingia kwenye majani mabichi na mawe yenye ukungu huu, yamejaa maji. Mlango haukukunjika. Ulikuwa umebanwa na mlima." Aliunyanyua uso. "Kule kwenye bonde hakuna jiwe wala jani la kumfikia mtu kifuani. Mlango ukifunguka kule unafungukia hewa. Ndiyo maana nilimvuta kule. Sikuwa upande wangu, mzee. Mimi ndiye niliyemfuata kwake."

"Unaelewa unachosema? Tajiri wako..."

"Naelewa. Andika."

Akaweka sahihi. Mkono ule wa udongo ukaacha alama kwenye fomu.

Kampuni ikalitengeneza gari. Tajiri wa Mwakalobo akampokonya ufunguo wa Kenta wiki hiyo hiyo. Na siku pikapu ilipowaka tena, akina mama walipiga vigelegele kuanzia nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho. Hazikupita wiki mbili Shukurani akazaa. Jike, mweusi, mwenye nyota nyeupe usoni. Mmoja tu, jamani. Mmoja.

Ndama alipoacha kunyonya, Subilaga akawaita wote uani, maana ahadi ni ahadi.

Bibi Tusekile alikaa kwenye kigoda. "Mimi si mtu wa tamaa," alianza, na kila mtu akajua anakuja na hoja. "Lakini bila kopo langu huyu Mwakalobo angetia mkono wake wapi? Mfukoni?"

"Na bila pua yangu," Lugano alisema, "nani angejua pa kuanzia? Mimi ndiye niliyewaambia wote kwamba ni upande wa mlima. Bibi, wewe ulikuwa umeshawapa panya nusu ya ushahidi."

"Na wewe ulisugua keni mpaka zikang'aa kama za harusi!"

"Msigombane," Gwamaka alisema. "Atakayelirudisha gari barabarani, ndivyo alivyosema. Nani alilishika gari? Mimi. Hao wengine walishika udongo na harufu."

Mwakalobo hakudai kitu. Alikuwa amekuja kurudisha kifuniko cha keni alichokikuta chini ya kiti cha Kenta siku aliyonyang'anywa ufunguo. Alikiegemeza ukutani, akataka kuondoka.

"Kaa, kaka," Subilaga alimwambia. "Na wewe umo."

"Huyu?" Bibi Tusekile aliinuka nusu. "Aliyekugonga apewe ndama? Basi kesho nami nitakugonga na toroli, nipate mbuzi!"

Watu wakacheka, hata Mwakalobo. Lakini Lugano alipomaliza kucheka alisema taratibu, "Bibi, yeye peke yake ndiye aliyepoteza kitu. Sisi tulitoa tulivyo navyo, navyo bado tunavyo."

"Kupoteza kazi si kazi," Gwamaka akajibu. "Na kama si kosa lake, sisi tusingehitajika."

"Na kama si yeye, mimi nisingekuwa hapa kuwasikiliza," Subilaga alisema.

Mama yake, akimbembeleza Bupe, alipendekeza ndama azunguke: mzao wa kwanza kwa huyu, wa pili kwa yule. Bibi Tusekile akahesabu kwa vidole vyake vyenye makovu. "Mpaka ifike zamu ya mwisho mimi nitakuwa nimeshaota majani juu yangu." Jirani mmoja akasema wamwuze wagawane. Wote wanne wakakataa kwa pamoja, hata Mwakalobo akatikisa kichwa. Uliahidi ndama, walisema, hukuahidi mgao.

Subilaga akaishika kamba. Ndama akamsogelea, akaanza kukinyonya kidole chake kama Bupe anavyofanya, na yeye akawatazama mmoja baada ya mwingine. Huyu aliwaondolea watoto vioo njiani. Huyu alisugua keni zisichache. Huyu aligonga bati bila kuombwa. Huyu alimtajisha jina la mwanawe asilale. Wote wanne walimfutia alama kwa wema wao, na wote wanne wakamrudishia. Kila alipokaribia kumkabidhi mmoja kamba, mkono wake ulimwona mwingine, ukarudi.

Na mpaka hapa ninapoongea, kamba ingali mkononi mwake, na ndama ameanza kuchoka kusimama.

Basi mimi nimefika kwangu. Wewe uliyekaa hapo ukisikiliza tangu mwanzo, inuka uipokee kamba. Utaifunga mkononi mwa nani? Na wale watatu utakaowaacha utawaambia nini, ukijua kwamba kesho alfajiri, ukungu ukishuka, utapita kwenye kona ile ile ukiwahitaji wote?